"Anasema nimemletea mimi, lakini mimi sina dalili yoyote"

Dada mshauri, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala la chuo. Nina miaka 22, niko mwaka wa pili hapa Morogoro, na nakaa kwa mama mdogo kwa sababu hosteli ilinishinda bei. Mwenzangu ana miaka 25, tuko pamoja mwaka na miezi minne. Si mahusiano ya kuficha. Nyumbani wanamjua, na wazee wake wamesema barua ya posa italetwa Desemba. Mama ameshaanza kuulizia vitenge vya sare.

Mwezi wa sita alikwenda fildi Tanga, wiki nane. Alirudi Ijumaa tarehe 1 Agosti na usiku ule tulikuwa pamoja. Hatukutumia kondomu. Hatujazitumia tangu mwaka jana, tulipopima VVU wote tukaonekana hatuna. Kesho yake nikameza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kama kawaida yangu. Jumatano tarehe 6 akanipigia simu, sauti imebadilika kabisa. Akasema akikojoa anasikia kama pilipili, na asubuhi amekuta usaha wa njano kwenye boksa. Kabla sijasema pole akaniuliza, "Nilipokuwa Tanga ulikuwa na nani?"

Sikuwa na mtu, dada. Naapa.

Akaenda duka la dawa, akajieleza dirishani, akapewa antibayotiki, sipro kumi na doksi kumi. Akanigawia nusu, tano na tano, akasema tumeze wote ili tusirudishiane. Nilimeza kutwa mara mbili mpaka zikaisha. Yeye usaha ulikata siku ya tatu. Tarehe 15 tukakutana tena, akasema ameshapona.

Mimi sijaona usaha wala sijawashwa. Majimaji ya kawaida tu, labda yameongezeka kidogo. Na mimi ni msafi sana, naosha mpaka ndani kwa sabuni, siku nyingine kwa shabu. Ila tangu kama tarehe 17 tumbo la chini linauma, zaidi upande wa kulia. Si la kunilaza kitandani, linakuja na kuondoka. Tarehe 18 nilikwenda maabara moja ya mtaani wakapima mkojo, wakasema kuna seli za usaha, ni UTI, nikapewa vidonge vya siku tano. Nimemaliza na bado linauma. Siku zangu zilitakiwa tarehe 17 hazijaja, lakini P2 huwa inanivuruga kwa hiyo sijali sana.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa tatu tuligombana tukaachana kama wiki mbili, nami nikakutana na wa zamani. Siku moja tu. Bila kinga.

Sasa nimebanwa kila upande. Mama mdogo ni nesi katika kituo cha afya kilicho karibu nasi. Nikienda pale, jioni atakuwa ameshajua. Nikienda kwingine, nasikia hawakutibu mpaka ulete mwenza, na wangu amekataa. Anasema yeye ni mzima, wa kupimwa ni mimi. Nataka kujua: nani kamletea mwenzake? Nikipima, kitaonekana ni cha lini? Inawezekana nimekitoa choo cha chuoni? Nimwambie ya mwezi wa tatu, au ninyamaze posa ipite? Na je, nitazaa?

Mwenye mawazo, Morogoro
25 Agosti

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana.

Maswali yako mengi yanamhusu yeye, na nitayajibu. Lakini katikati ya barua kuna maneno umeyapitia mbio mbio: tumbo linauma zaidi kulia, siku zimechelewa siku nane, na "sijali sana". Tutaanzia hapo. (Sehemu hii ulitumiwa kwenye simu siku ile ile barua ilipofika. Haikuwa ya kusubiri ichapwe.)

Ni kweli P2 huvuruga mzunguko, huweza kuuwahisha au kuuchelewesha kwa wiki moja hivi. Lakini haizuii mimba kwa uhakika kamili, na ile uliyomeza tarehe 2 haikukulinda tarehe 15. Nunua kipimo cha mimba, ukitumie kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kikisema ndiyo, na tumbo linauma, nenda hospitali yenye altrasaundi siku hiyo hiyo, kwa sababu mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, ndani ya mrija. Kikisema hapana, usikitupe ukasahau. Tendo la tarehe 15 bado ni changa, na kipimo huaminika zaidi wiki tatu zikishapita, kwa hiyo rudia baada ya tarehe 5 Septemba. Na kama wakati wowote maumivu yatakuwa makali ghafla, au utasikia kizunguzungu, maumivu begani, homa, kutapika au damu isiyo ya siku zako, usisubiri kukuche. Upande wa kulia ndipo kilipo kidole tumbo pia, na hicho hakitofautishwi kwa kusoma barua.

Hayo mawili yakiondolewa, daktari atafikiria PID. Najua neno hili limekuwa la mtaani, kila tumbo la msichana siku hizi linaitwa PID. Maana yake halisi ni maambukizi yaliyopanda kutoka mlango wa kizazi kwenda kwenye mfuko wa uzazi na mirija. Wanaoanzisha safari hiyo mara nyingi ni vimelea vya kisonono na vya klamidia, magonjwa mawili ya zinaa. Kwa msichana wa umri wako njia ni nyepesi zaidi, kwa sababu chembe laini za ndani ya mlango wa kizazi bado zimejitokeza kwa nje, na vimelea hivi hupenda kushika pale.

Hapo ndipo napenda tuliangalie upya neno lako "sina dalili". Kwa mwanaume kisonono kina mlango mmoja mwembamba, ule wa mkojo, kwa hiyo kikiingia anapiga kelele. Kwa mwanamke kinakaa kwenye mlango wa kizazi, mahali pasipopitisha mkojo na pasipo na mishipa mingi ya maumivu. Wanawake wengi hawasikii chochote, na kwa klamidia ukimya ni wa kawaida zaidi. Kwa hiyo kutoona usaha hakukuthibitishii kwamba huna. Na kusema kweli dalili unazo: majimaji yameongezeka, tumbo la chini linauma.

Sasa zile dawa. Doksisaiklini kwa klamidia ni kidonge kimoja cha miligramu 100 kutwa mara mbili kwa siku 7, yaani vidonge 14 kwa mtu mmoja. Wawili ni 28. Ninyi mlikuwa navyo 10, mkagawana. Kila mmoja alipata siku mbili na nusu. Sipro nayo kwa kisonono ni dawa ya zamani, vimelea vimeshaizoea sehemu nyingi duniani na miongozo ya matibabu imeiacha. Kinachotegemewa sasa ni sindano ya seftriaksoni, mara moja, kwenye msuli, kwa kipimo anachopanga mtoa huduma. Kwa nini basi usaha wake ulikata siku ya tatu? Kwa sababu dawa kidogo hupunguza vimelea vya kutosha kuondoa kelele bila kuvimaliza. Vinavyobaki ndivyo vigumu. Halafu tarehe 15 mkakutana tena bila kinga. Hata kama mmoja wenu alikuwa amepona, huenda mwenzake alimrudishia siku hiyo.

Na ile UTI? Seli za usaha kwenye mkojo zinasema kuna uvimbe mahali fulani njiani, hazisemi ni wa nini. Mkojo wa mwanamke hupita palepale majimaji ya ukeni yanapotokea na kuyazoa. Kipimo kile hakikuwa cha kisonono wala cha klamidia, kwa hiyo usikichukue kama ushahidi kwamba huna.

Sasa ukifika kituoni. Kwanza, si lazima kiwe cha mama mdogo. Morogoro ni mji, vituo vipo vingi. Chagua cha kata nyingine, na uliza kama wana huduma rafiki kwa vijana, wengine huwa na chumba na siku zake. Pili, si kweli kwamba hutibiwi bila mwenza. Watakuhimiza umlete, na vituo vingi hukupa karatasi ya kumpelekea, lakini matibabu yako hayamsubiri. Akitokea anayekurudisha kwa sababu hiyo, mwombe kwa upole umwone mganga mfawidhi. Waweza pia kuomba uhudumiwe na mwanamke.

Utaulizwa mara ya mwisho ulikutana na mwanaume lini, kondomu, siku zako, mimba. Taja majina na idadi ya dawa zote ulizokwisha kumeza, pamoja na zile za UTI, maana antibayotiki za nusunusu huweza kuficha majibu ya maabara. Kisha utapanda kitandani. Atabonyeza tumbo, atatazama mlango wa kizazi kwa kifaa cha kufungulia, halafu kwa vidole vyenye glavu atausogeza taratibu. Ukishtuka kwa maumivu hapo, hiyo ni alama kubwa ya PID, kwa hiyo usijikaze kiume ukasema "kawaida tu". Penye mashine, atachukua majimaji kwa pamba kupima kisonono na klamidia. Pasipo na mashine, atakutibu kwa kufuata dalili, siku hiyo hiyo, na huo si ubabaishaji. Ndivyo mwongozo unavyotaka, kwa sababu kusubiri majibu ya wiki huku mirija ikiungua ni hatari zaidi.

Ikiwa ni PID ya kutibiwa nyumbani, kwa kawaida ni sindano ile moja, doksisaiklini ya siku 14 na metronidazole ya siku 14. Hesabu mwenyewe: doksi 28 kwa ajili yako peke yako, ukilinganisha na zile tano. Ndiyo maana kipimo cha mimba kinatangulia, kwa kuwa doksi haipewi mjamzito, yeye ana dawa yake. Imeze baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa, na usilale nusu saa. Ikikwama kooni inaunguza. Usiifuatishe na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu, vinaizuia isifyonzwe. Acha saa mbili tatu katikati. Pombe iweke kando mpaka metronidazole iishe. Baada ya siku 3 ukiona hakuna nafuu, rudi, usimalizie dozi kwa matumaini. Wapo wanaohitaji kulazwa wapewe dawa za mshipa.

Shabu na sabuni, tafadhali ziache. Uke una bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya kuwazuia wabaya, na wewe kila siku unawafagia, kisha shabu inakausha na kuchubua ngozi. Osha nje kwa maji, ndani panajisafisha penyewe. Nasema hili bila kukulaumu. Najua mmefundishwa na nani, na kwa nia gani.

Choo cha chuo kina mengi ya kulaumiwa, lakini si hili. Vimelea vya kisonono na klamidia haviishi nje ya mwili kwa muda wa maana, hufa vikikauka na kupoa. Havirukii mtu kutoka kwenye sinki.

Nani kamletea mwenzake? Tuchukue kalenda, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kisonono kwa mwanaume huonyesha dalili mara nyingi ndani ya siku 2 hadi 7. Rudi nyuma kutoka tarehe 6 Agosti, utafika kati ya tarehe 30 Julai na tarehe 4 Agosti. Humo ndani kuna siku zake mbili za mwisho za Tanga, na kuna usiku wenu wa tarehe 1. Kalenda haimsafishi yeye wala haikusafishi wewe. Ikiwa ni klamidia, ambayo huchukua wiki 1 hadi 3, dirisha linarudi kwenye nusu ya pili ya Julai, akiwa bado Tanga. Lakini usaha wa njano na moto wa pilipili vinafanana zaidi na kisonono, na hivi viwili hupenda kusafiri pamoja. Mwezi wako wa tatu je? Vyote viwili vinaweza kukaa kimya kwa mwanamke miezi. Upande wa pili, toka mliporudiana mpaka alipoondoka mwezi wa sita mlikuwa pamoja bila kondomu, naye hakuumwa. Hilo linapunguza uzito wa Machi bila kuufuta, kwa sababu si kila tendo huambukiza, na wanaume nao wapo wanaobeba klamidia bila kujua.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Maabara itasema kimelea kipo au hakipo. Haina tarehe, haina jina la mtu. Kama mnasubiri karatasi ya kuhukumu ugomvi wenu, hakuna mashine inayoitoa. Na ningependa ujiulize kitu kimoja: ikijulikana leo kwamba ni yeye, utafanya nini? Ikijulikana ni wewe? Kama jibu lako la kesho asubuhi ni lile lile, basi pengine unachotafuta si jina.

Ameshapona, anasema. Hakuna aliyempima. Maambukizi yaliyobaki kwa mwanaume huweza kushuka kwenye korodani, zikavimba, na uzazi wake ukaguswa. Huenda hilo likamsogeza kuliko maneno ya nani kakosa. Waweza kumwambia hivi: "Dawa tulizogawana zisingemtosha hata mtu mmoja. Mimi nimetibiwa. Nenda kituo chochote, peke yako kama unataka, halafu tusikutane mpaka wote tumalize." Muda wa kutokutana ni siku 7 tangu sindano, na mpaka dozi ya kila mmoja iishe, iliyo ndefu ndiyo ihesabiwe. Akikataa, unaweza kutibiwa na kubaki mbali naye, au kutumia kondomu kila mara (bila mafuta ya nazi wala ya mgando, yanaozesha mpira), au kuendelea kama zamani na kurudi kituoni baada ya wiki chache. Kila njia ina bei yake, na hiyo ya mwisho inalipwa na mirija yako. Jambo moja siwezi kuliona kutoka hapa: je, anakupiga, au unaogopa atakupiga? Kama ndivyo, usimpelekee karatasi wala usimwambie mkiwa wawili. Mweleze mtoa huduma, na polisi kuna dawati la jinsia.

Ya mwezi wa tatu sasa. Kwa ajili ya tiba, haihitajiki. Mwenzako anahitaji kujua kwamba kuna maambukizi na kwamba anatakiwa kutibiwa, basi. Hivyo unaweza kumwambia la afya leo, la moyo ukalipangia siku yake. Ukilisema sasa, wakati amekushutumu, kuna uwezekano mkubwa litageuzwa kuwa jibu la kila kitu, na Tanga haitazungumzwa tena milele. Ukinyamaza mpaka posa ipite, unaingia ndani ya ndoa na siri ambayo ufunguo wake mwingine anao mtu wa tatu. Ukilisema mkiwa mmeshatibiwa na mmetulia, kabla wazee hawajaketi, bado linaweza kuvunja, ila litavunja kitu ambacho wote wawili mnakijua kilivyo. Mimi nisingependa kukuchagulia. Ila umeandika kwamba mliachana wiki mbili. Je, naye aliyaelewa hivyo, au ni wewe peke yako? Jibu lake hapo linabadilisha sana uzito wa unachotaka kuungama, na sijui kama mmewahi kuulizana.

Desemba nayo si amri. Barua ya posa husogezwa kwa misiba, kwa mavuno, kwa mtu kukosa nauli. Unaweza kuomba isogezwe bila kueleza mirija yako kwa ukoo mzima. Unaweza pia kuiacha ilivyo, kama mpaka wakati huo mtakuwa mmezungumza. Ninachokiona mimi, na unaweza kunikatalia, ni kwamba simu ya tarehe 6 ilianza na swali la lawama kabla ya "na wewe unaumwa?" Huenda ilikuwa hofu tu. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kile kipimo cha mwaka jana kilikuwa cha VVU peke yake. Hakikugusa kisonono, klamidia, kaswende wala homa ya ini B, na tangu siku ile mambo yamepita. Ukifika kituoni omba VVU na kaswende kwa pamoja. Kipimo cha leo kinajibu la Machi. La Agosti litajibiwa kipimo kikirudiwa miezi mitatu baada ya tarehe 15, yaani katikati ya Novemba. Dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari, huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28, kwa hiyo kwa tendo la tarehe 15 muda umepita, lakini ujue zipo. Kaswende usiipuuze kwa kuwa hukuona kitu. Kidonda chake hakiumi, kwa mwanamke hujificha ndani, na hufunga chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 huku ugonjwa ukiendelea. Ikikutwa mapema hutibiwa kwa penisilini ya sindano.

Usione kwamba kutibu kisonono ni jambo dogo pembeni ya VVU. Kati ya 1991 na 1994 mkoani Mwanza, watafiti walilinganisha jamii 6 ambazo vituo vyake viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa na nyingine 6 zilizokuwa bado: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Ngozi iliyochubuka na kuvimba ni mlango. Na majibu yako ya VVU ni yako, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inamfunga mtoa huduma kutunza siri, hata akiwa anamjua mama mdogo.

Kuhusu mama mdogo, nina wazo ambalo huenda hutalipenda. Umemchukulia kama mlango wa kuvujisha. Inawezekana. Lakini nesi anayepokea wasichana kila wiki anaweza pia kuwa mtu pekee nyumbani ambaye neno "kisonono" halitamtoa pumzi. Mpime kwanza kwa jambo dogo: mweleze kwamba tumbo linakuuma, uone anauliza nini na anamwambia nani.

Nitazaa? Huko Lund, Uswidi, madaktari waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake waliowahi kuugua PID. Walioiugua mara moja, takriban 8 kati ya 100 walishindwa kushika mimba kwa sababu ya mirija. Mara mbili, karibu 20. Mara tatu au zaidi, 40. Hata kama hii yako ni PID, uwezekano bado uko upande wako kwa mbali. Ni hiyo ya pili na ya tatu ndiyo ya kuikimbia, na ndiyo maana nasumbuka na tarehe 15 kuliko na Tanga. Ukishatibiwa, rudi upimwe tena baada ya miezi mitatu hata kama uko vizuri. Hiyo nayo inaangukia karibu na ile safari ya Novemba, kwa hiyo ni nauli moja.

Kesho asubuhi chukua daftari dogo. Andika tarehe ya mwisho uliyoona siku zako, tarehe 1 na 15 Agosti, sipro 5, doksi 5, na jina la zile za UTI kama bado una boksi. Mkabidhi anayekuhudumia akisome mwenyewe, kama mdomo utakuwa mzito. Ukitoka, niandikie walikupa nini na kwa siku ngapi, tuhesabu vidonge pamoja.